Mwongozo kamili: Kibebeo cha chupa sita za juisi kinachopangika ngazi tano bila kubonyea

Malalamiko kutoka kwa watengenezaji wadogo wa juisi ni yaleyale. Kibebeo kikiwa peke yake mezani kinapendeza. Vikipangwa vitatu stoo, cha chini kinafura tumbo, na asubuhi unakuta vifuniko vimevuja. Wengi hukimbilia kadibodi nene zaidi, na bado vinalala.

Mara nyingi unene hauna kosa. Kosa ni kwamba aliyebuni hakuamua uzito wa vibebeo vya juu upite wapi mpaka ufike sakafuni. Usipouwekea njia, utapita kwenye chupa, na chupa ya plastiki ya juisi isiyo na gesi ni laini: ibonye kwa kidole uone. Chupa ya soda ni ngumu kwa sababu gesi iliyomo inasukuma kutoka ndani. Ya juisi haina msaada huo, kwa hiyo haipaswi kubeba chochote.

Itazame kreti ya soda. Kuta zake ni ndefu kuliko chupa, na kitako chake kimeingizwa ndani kidogo ili kikae kwenye mdomo wa kreti ya chini. Uzito unatoka ukuta hadi ukuta, chupa haiguswi. Hapa tutafanya jambo hilohilo kwa kadibodi.

Vipimo vyote vimefanyiwa hesabu kwa chupa ya mililita 500 yenye kipenyo cha milimita 65, urefu wa milimita 215 pamoja na kifuniko, na uzito wa takriban gramu 550 ikiwa imejaa. Yako ikiwa tofauti, mwishoni kuna namna ya kubadilisha.

## Vifaa

- Kadibodi ya mawimbi yenye unene wa mm 3, kama nusu mita ya mraba kwa kila kibebeo. Maboksi yaliyotumika yanafaa, mradi ni makavu na hayajakunjwa pale utakapopitisha ukuta.
- Gundi nyeupe ya mbao na brashi ndogo.
- Rula ya chuma, kipimo cha pembe mraba, penseli.
- Kisu cha kukatia chenye wembe mpya, na ubao wa kukatia juu yake.
- Kalamu ya wino iliyokwisha, au mpini wa kijiko, kwa kuchora mikunjo.
- Kamba ya katani yenye unene wa mm 6, sentimita 70.
- Msumari mnene wa kutobolea, vibanio vya nguo, na vitu vizito vya kukandamizia.
- Kwa majaribio: ubao, kibao cha mm 148 kwa 208 chenye unene wa mm 20, na mfuko wa saruji wa kilo 50.

Onyo kuhusu maboksi ya zamani: usitumie yaliyobeba sabuni, dawa za wadudu au mbolea. Harufu haitoki, na mteja ataisikia kabla hajafungua chupa.

## Hatua ya 1: Pima chupa zikiwa zimejaa

Chukua chupa kumi zilizojazwa, zenye lebo na kifuniko. Pima unene na urefu wa kila moja, kisha tumia namba kubwa kuliko zote, siyo wastani. Chupa ya plastiki hutanuka kidogo ikijazwa, na lebo nayo inaongeza.

Kwenye kipenyo ongeza mm 3 ili chupa iingie na kutoka bila kung'ang'aniwa: 65 inakuwa 68. Kwenye urefu ongeza mm 5 hivi, na hii usiipunguze kwa kuogopa kupoteza kadibodi, maana ndiyo nafasi inayoweka kifuniko mbali na kitako cha kibebeo cha juu. Ukuta wetu utakuwa na kimo cha ndani cha mm 220.

Ukizidisha nafasi hiyo, nako kuna hasara. Ukuta mrefu unapinda upesi kuliko mfupi, na chupa zinarukaruka njiani.

## Hatua ya 2: Jua mawimbi yanaelekea wapi

Hapa ndipo vibebeo vingi vinapofia, kwa hiyo usiharakishe.

Kata kipande kidogo cha kadibodi, ukitazame ubavuni. Utaona karatasi mbili bapa na katikati yake karatasi iliyokunjwa mawimbi. Upande mmoja unaona matundu ya mawimbi, upande wa pili unaona mstari tu. Mawimbi yakisimama wima yanafanya kazi ya nguzo nyingi ndogo zilizopangana. Yakilala, ukuta unajibana kama akordioni, hata ukiwa mnene.

Jaribu mwenyewe: kata vipande viwili vya ukubwa sawa, kimoja kikiwa na mawimbi wima na kingine yamelala. Simamisha kila kimoja mezani na ukisukume chini kwa kiganja. Ukishaiona tofauti yake kwa mkono, hutasahau tena.

Kanuni ya kibebeo hiki: kila ukuta unaobeba uzito, mawimbi yasimame. Kipande kimoja tu kitalaza mawimbi, na sababu yake nitaieleza katika hatua ya 5.

## Hatua ya 3: Chora na ukate

Kabla ya kukata, chora mshale kwenye kila kipande kuonyesha mawimbi yanakoelekea.

- Vipande viwili vya U (vitakunjwa umbo la U katika hatua ya 4): mm 515 kwa 210. Mawimbi yafuate 515.
- Bamba la kati, kipande kimoja: upana mm 210, kimo mm 223. Mawimbi yafuate 210, yaani yalale.
- Vitenganishi vinne: upana mm 87, kimo mm 218. Mawimbi yafuate kimo.
- Mkanda wa nje, vipande viwili: urefu mm 406, kimo mm 220. Mawimbi yafuate kimo.

Kata kwa kupitisha wembe mara mbili au tatu kwa mkono mwepesi. Ukikandamiza mara moja kwa nguvu, mawimbi yanapondeka pembeni, na ukingo uliopondeka haubebi. Vidole vya mkono unaoshika rula vikae nyuma ya ukingo wake, na wembe butu utupe, kwa sababu ndio unaoteleza.

Umefaulu ikiwa vipande vinavyofanana, ukivisimamisha pamoja mezani, vinalingana vimo bila kupishana hata mm 1. Ukuta mmoja ukiwa mrefu kuliko wenzake, huo peke yake utapokea uzito wote kwanza.

## Hatua ya 4: Kunja vipande vya U

Kila U ni ukuta wa pembeni, sakafu na ukuta wa kati, vyote kipande kimoja. Nimechagua umbo hili kwa makusudi. Kwenye boksi la kawaida, sakafu ni milango ya kadibodi iliyobandikwa. Ukinyanyua, gundi ndiyo inayobeba chupa, na siku ya unyevu inaachia. Hapa sakafu imeendelea mpaka kwenye ukuta wenye kamba.

Pima mm 222 kutoka kila ncha ya kipande cha 515 na uchore mistari miwili. Katikati patabaki mm 71, ambayo ndiyo sakafu. Kila mkunjo unakula nusu ya unene wa kadibodi kutoka kila upande wake, ndiyo maana 71 inakuwa 68 kwa ndani na 222 inakuwa 220 na nusu.

Weka rula juu ya mstari, pitisha kalamu isiyo na wino mara kadhaa mpaka mfereji uonekane. Usikate. Kisha kunja polepole ukiegemeza kwenye rula, mfereji ukiwa upande wa ndani.

Ukiona karatasi ya nje imepasuka kwenye mkunjo, kipande hicho kitupe. Sakafu ikipasuka hapo haina kingine cha kuishikilia.

## Hatua ya 5: Unganisha ukuta wa kati

Paka gundi pande zote mbili za bamba la kati, tabaka jembamba lililoenea kila mahali hadi pembeni. Bandika U moja kulia na nyingine kushoto, migongo ikitazamana. Vitako vya vyote vitatu vigusane na meza. Kandamiza kwa vitu vizito kwa nusu saa, halafu acha pakauke.

Sasa una ukuta wenye matabaka matatu: mawimbi wima, mawimbi yaliyolala, mawimbi wima. Ni mpango wa plaiwudi. Matabaka ya nje yanabeba uzito wa juu. La katikati linazuia kuchanika, kwa sababu kamba ikivuta juu, kadibodi hupasuka kwa kufuata mawimbi kuelekea ukingoni. Likikutana na mawimbi yanayokatisha, mpasuko unasimama.

Ikishakauka, toboa matundu mawili ya mm 8 kwenye ukuta huu, kila moja mm 40 chini ya ukingo wa juu. Moja liwe mm 55 kutoka ncha ya kulia, jingine mm 55 kutoka ya kushoto, ili kati yao pabaki mm 100, upana wa kiganja. Usiyasogeze juu zaidi ili kamba ionekane ndefu.

## Hatua ya 6: Weka vitenganishi

Kwenye kila kitenganishi kunja mm 20 za upana ziwe ulimi wa gundi. Kata pembe ya juu iliyo upande wa ulimi, mraba wa mm 50, ili kamba ipate pa kulala baadaye.

Pima mm 68 kutoka kila ncha ya U, na hapo ndipo uso wa kitenganishi ukae. Bandika ulimi kwenye ukuta wa kati. Usijali kwamba ulimi unakula nafasi: chupa ni ya duara, haifiki kwenye pembe, na ulimi unakaa humo bila kuigusa.

Vitenganishi ni vifupi kidogo kuliko kuta, mm 218 tu. Kazi yake ni kuzuia chupa zisigongane na kuta zisibonyee kwa ndani. Uzito hauvihusu.

Weka chupa sita sasa, kabla ya hatua inayofuata. Kila moja ishuke yenyewe mpaka chini na izunguke ukiishika shingo.

## Hatua ya 7: Zungushia mkanda na utengeneze mdomo

Chora mikunjo kwenye kila kipande cha mkanda kwa mpangilio huu: mm 35 za ulimi, mm 156 za upande mfupi, mm 215 za upande mrefu. Vipande viwili vikikutana vinazunguka kibebeo chote, na kila ulimi unabandikwa kwa nje juu ya upande mrefu wa mwenzake.

Mkanda haukai sakafuni. Bandika vipande vinne vya kadibodi pamoja upate kimo cha mm 12, viwekee mkanda uegemee juu yake wakati unapobandika, halafu viondoe. Kwa hiyo chini sakafu itachungulia mm 12, na juu mkanda utazidi kuta za U kwa mm 8 hivi. Hiyo mm 8 ndiyo mdomo wa kupokea kibebeo cha juu.

Paka gundi kwenye kuta zote mbili ndefu, bapa zima, na mstari wa gundi kwenye ncha za ukuta wa kati. Ukuta wa pembeni uliobandikwa mkandani ni mgumu zaidi ya kuta mbili zilizoachana. Usiuvute mkanda ukabana. Chukua U mbili za kibebeo cha pili, zilizounganishwa lakini bado hazina mkanda, ujaribu kuziingiza mdomoni kabla gundi haijashika. Bana pembe za juu kwa vibanio vya nguo, acha siku nzima.

Kuna alama moja ya kufaulu ambayo lazima uione. Weka kibebeo kimoja juu ya kingine, inama utazame ubavuni: kati ya mkanda wa juu na mkanda wa chini paonekane mwanya wa mm 3 hivi. Mwanya huo unakuhakikishia kwamba kitako cha juu kimekalia kuta za U. Usipouona, mikanda inagusana, na uzito umehamia kwenye karatasi moja ya nje ambayo haikujengwa kwa kazi hiyo. Punguza ukingo wa chini wa mkanda.

## Hatua ya 8: Pitisha kamba

Ingiza ncha moja ya kamba kwenye tundu la kwanza, ipitishe upande wa pili, uirudishe kwa tundu la pili, halafu ufunge ncha zote mbili kwa fundo gumu. Unapata kitanzi chenye nyuzi mbili, moja kila upande wa ukuta. Ukinyanyua, zinakutana kiganjani na kibebeo kinabaki wima. Kamba iliyofungiwa upande mmoja tu huinamisha mzigo.

Kwa nini kamba na siyo mkono wa kadibodi? Mkono unaosimama juu ya vifuniko ndio unaozuia kupanga. Katani inalala kati ya shingo za chupa, kibebeo cha juu kinakaa bila kuigusa.

## Hatua ya 9: Jaribu kabla ya kutengeneza vingine

Kibebeo kilichojaa kina kama kilo 3.5. Ukipanga ngazi tano, cha chini kinabeba vinne, yaani kilo 14. Usikijaribu kwa kilo 14. Kadibodi inayobebeshwa siku nyingi huchoka, na kwenye hewa yenye unyevu mwingi inaweza kupoteza takriban nusu ya nguvu yake. Mtengenezaji wa Tanga, Mombasa au Unguja aichukulie hesabu hii kwa uzito kuliko wa Arusha.

Jaribio la kubeba juu: kiweke kibebeo kitupu kwenye kona ya chumba, kibao kidogo kiingie ndani ya mdomo, ubao mpana juu yake, kisha mfuko wa saruji. Mwe wawili wa kuuweka, na msiweke mguu chini yake. Pima kimo cha pembe nne kabla, na tena kesho yake. Ikiwa hakuna pembe iliyoshuka zaidi ya mm 2 na ukuta haujapinda, umefaulu.

Jaribio la kunyanyua: jaza chupa sita za maji, nyanyua kwa kuvuta ghafla mara ishirini, halafu kitundike kwenye msumari imara usiku kucha. Chungulia matundu. Yakirefuka kidogo si neno. Mpasuko unaoelekea juu maana yake bamba la kati halikushika.

Jaribio la unyevu ndilo watu hulisahau. Acha kibebeo stoo yako siku tatu, kisha rudia la saruji.

## Kupanga stoo na njiani

Panga pembe juu ya pembe, ngazi zisizidi tano. Kupishanisha kama matofali hupunguza sana nguvu ya kadibodi, kwa sababu pembe, ambazo ndizo imara kuliko zote, zinaangukia katikati ya ukuta wa chini. Mdomo wa kibebeo hiki hautakuruhusu kupishanisha.

Weka chaga chini, kamwe si sakafu ya saruji tupu. Chaga ya mm 1200 kwa 1000 inachukua vibebeo 30 kwa ngazi moja, vitano kwa sita, na hakuna kinachoning'inia nje.

Chupa zilizotoka kwenye friji zinatoa jasho. Ziuze kutoka friji, lakini safirisha na hifadhi zikiwa na joto la kawaida. Juisi inayohitaji baridi njia nzima, basi tumia kreti ya plastiki. Kadibodi haiwezi kazi hiyo, na kuipaka nta kunaharibu uwezekano wa kuirudisha kiwandani kuwa karatasi.

Kwenye bajaji funga safu ya juu kwa kamba. Kwenye bodaboda usipite ngazi mbili.

## Kikikukatalia

Ukuta unafura kwa nje: mawimbi yamelala, au gundi ya mkanda iliwekwa kwa matone badala ya kuenezwa.

Kifuniko kinavuja bila kibebeo kubonyea: kuta ni fupi, kitako cha juu kinagusa chupa. Weka kipande kidogo cha udongo laini juu ya kifuniko, panga, kisha angalia kama kimebonyea.

Cha juu hakiingii mdomoni: mkanda umebana. Ongeza mm 1 kwenye pande zote.

Safu inaegemea upande mmoja: kuta hazilingani vimo. Hili haliponi kwa gundi. Rudi hatua ya 3.

## Ukibadilisha chupa au kadibodi

Chukua kipenyo, ongeza 3, hicho ni chumba cha chupa moja. Urefu wa U ni vyumba vitatu pamoja na unene wa kadibodi mara mbili. Sakafu ni chumba pamoja na unene mmoja. Ukuta ni urefu wa chupa, ongeza mm 5.5 za kuachia nafasi, kisha nusu ya unene. Upana wa nje ni vyumba viwili pamoja na unene mara tano. Ongeza 2 za nafasi na unene mmoja upate upande mfupi wa mkanda. Kimo cha mkanda kipungue mm 3 au 4 kutoka kimo cha nje cha U.

Chupa za kioo ni nzito zaidi, na zikigongana zinavunjika, kwa hiyo vitenganishi haviachwi hata kimoja na ngazi zipungue mpaka jaribio la saruji likuruhusu. Kopo la kawaida la mililita 330 lina kipenyo cha mm 66 na kimo cha mm 115. Likiwa na soda lenyewe linaweza kubeba, kwa hiyo kuta zinaweza kulingana nalo, lakini likishafunguliwa moja katika sita, kibebeo hicho kihamishiwe ngazi ya juu kabisa.